Debe la Isevya

Mama mkwe ndiye aliyemwita Mihayo,
yaani Maneno, kabla hatujajua
kwamba maneno yenyewe hayatakuja.

Miaka saba. Anapanga vizibo vya chupa zangu za asali
kutoka mlangoni hadi mtungini,
chekundu, cheupe, chekundu, cheupe,
na ole wake atakayekisogeza kimoja kwa mguu.
Treni ya Kigoma ikipiga honi
huingia uvunguni, viganja masikioni,
nami hulala sakafuni, nje ya uvungu,
nikisubiri behewa la mwisho lipite.

Nimeambiwa mengi. Jini. Kijicho. Malezi.
Kwamba nilikula mayai nikiwa na mimba yake.
Daktari wa Kitete akasema usonji,
akaliandika, nikalikunja neno lile
nikalifunga kwenye pindo la kanga.

Kalunde wa chuo cha ufundi akaja na kitu chake:
kichwa kopo la maziwa, macho taa mbili za buluu,
tumbo spika ya redio iliyokufa.
"Roboti, dada. Haichoki."
Majirani wakacheka juu ya ua:
mtoto wa Nyamizi kapewa debe limlee!
Debe tupu, wanasema, haliachi kuvuma.
Hili halikuvuma.
Lilisema "Habari za asubuhi," likanyamaza,
likasubiri.
Sauti ileile ya jana, uso uleule.
Halikukunja ndita, halikumshika kidevu
likisema nitazame ninapoongea nawe.
Mara arobaini. Mara mia.
Mimi ningekuwa nimeshalia.

Siku ya tisa akaliwekea kizibo chekundu miguuni.
Likawasha macho.
Akaleta cheupe.

Nakiri, nililionea wivu. Usiku
nikilichomeka ukutani, kwa luku yangu, uniti zangu,
nililinong'oneza: umempa nini mwanangu
nisichokuwa nacho?
Likawaka taa ya kijani. Linashiba tu.

Kisha asubuhi moja ya mvua
"Habari za asubuhi," likasema.
Mihayo akatikisa kichwa,
akaligonga kifuani kwa kidole, kama mwalimu,
akasema:
"Mwangaluka."

Neno la bibi yake.
Kila alfajiri, miaka mitano, mlangoni pale
alilitupa ndani kama anayewarushia kuku mtama,
mwangaluka Mihayo, mwangaluka,
asijibiwe, akaenda zake kupepeta,
hadi siku alipokwenda zake kabisa.
Tulidhani lilianguka chini.

"Samahani," likasema debe, "sijaelewa."
"Mwangaluka."
"Samahani. Sijaelewa."
Kalunde hakulitia neno hilo tumboni mwake.

Mikono yangu ilikuwa asali hadi viwiko.
Sikumkimbilia. Sikumwambia anitazame.
Nilijibu palepale nilipo, macho kwenye chupa,
kwa sauti moja, isiyopanda:
"Mwangaluka."

Hakugeuka.
Alichukua kizibo, zamu ilikuwa ya cheupe,
akakisukuma kwenye saruji
hadi kikagusa mguu wangu.