Pima ya Hamimu

Kibirizi, dukani kwetu, kamba haikupimwa kwa futi.
Baba mkubwa Hamimu alishika ncha kwa mkono wa kulia,
akatanua kifua kama anayemkumbatia mtu asiyekuwepo,
mpaka kidole cha kushoto kifike mwisho wake:
"Pima moja." Akavuta tena. "Pima mbili."

Wenye mitumbwi walimpenda kwa ile mikono.
Jirani, Kayogoro, mfupi,
aliuza kamba ileile kwa bei ileile
na watu wakampita bila kugeuka.
"Mungu kampunja yeye, asije akatupunja na sisi."
Akanunua futi ya chuma yenye mhuri wa serikali.
Haikumsaidia.

Nilidhani neno ni la kamba tu.
Kisha nikashikwa na homa, zahanati wakanitoboa kidole:
tumekupima, huna malaria.
Nikauliza, pima ngapi?
Nesi akacheka hadi akaangusha pamba.

Wapima ardhi wakaja na darubini ya miguu mitatu,
wakapigilia mawe ya zege katikati ya mihogo ya Bi Nyabenda.
Akawatazama, jembe begani:
"Mmepima, wanangu. Ila hamkupima."

Nami nilipowajibu wageni ovyo, shangazi akasema,
"Pima maneno, wewe!"
Nikatanua mikono.
Kofi nililopata halikupimwa.

Mwaka wake wa mwisho kiharusi kikamlaza mkono wa kushoto.
Hakufunga duka.
Alipima kwa mkono mmoja, kutoka kidoleni hadi katikati ya kifua,
nusu, na nusu nyingine,
midomo ikihesabu upande.
Wakasema anaiba.
Wengine wakaipeleka kamba kwa Kayogoro ipimwe upya.

Haya tuliyasikia msibani,
Kayogoro amesimama mlangoni, viatu mkononi:
"Futi yangu ilisema imezidi.
Shubiri nzima, kila pima.
Niliwaambia. Hawakurudi kwake kumwambia."

Wachimbaji wakatuma mtoto kuuliza urefu.
Tukatazamana.
Kayogoro ndiye aliyeingia dukani,
akatoka na kipande kilichokatwa, hakijalipiwa,
pima moja.
"Mikono ya mtu ndiyo kimo chake," akasema,
akamkabidhi mtoto.

Tulipomshusha,
upande wa miguu,
palibaki nafasi.
Shubiri.