Magamba ya Hańža

Aliambiwa achague: roketi, farasi mwenye pembe, binti mfalme.
Akasema, samaki.
Samaki gani, mwanangu?
Yule wa bwawa la Handrik, mnene, mwenye masharubu,
yule aliyenitazama.

Basi nimekaa jikoni, saa tano za usiku.
Marka yuko zamu ya hospitali, Budyšin,
na mbele yangu pembe ya kadibodi,
ndefu kama mguu wa mtoto, tupu,
imenikodolea jicho.
Huku kwetu mtoto haanzi darasa la kwanza mikono mitupu.
Hubebeshwa pembe ya karatasi iliyojaa vitamu,
ili uchungu wa kukaa kitako
umkute na kitu mdomoni.
Madukani zipo, zimepangwa, zinang'aa.
Mama yangu kasema, Ya kununua ni ya kununua,
akafunga mlango, akaenda kulala.

Mimi ni mwezekaji. Vidole vyangu vinajua vigae,
karatasi havijazoeana nayo.
Gamba la kwanza nimelichana. La pili limekaa kama sikio.
Gundi imeshika nyusi, imeshika meza,
imeshika bili ya umeme.

Kufika la kumi na tisa nikacheka peke yangu:
nilikuwa nimeanzia juu!
Miaka ishirini na miwili juu ya mapaa ya watu
na nimesahau neno la kwanza la fundi aliyenifunza,
kwamba paa huanzia chini,
safu ya juu ilalie ya chini,
mvua ipite zake
kama mgeni asiyekaribishwa.
Nikabandua yote. Nikaanza mkiani.

Kijani cha bahasha, kahawia ya mfuko wa unga,
dhahabu ya chokoleti niliyoila kwa sababu hiyo hiyo,
safu juu ya safu,
mia mbili na kumi na moja.
Nimehesabu. Mwezekaji asiyehesabu hulala njaa.
Kisha nta ya mshumaa, kidogo kidogo, kwa kitambaa.

Likabaki jina.
Herufi tano tu, ila mbili zina kitu kichwani:
moja ina unyoya,
nyingine ina ndege mwenyewe, kakunjua mbawa.
Vipande vyembamba kuliko punje ya mchele.
Nilivikata, nikapiga chafya, vikaenda.
Nilivikata tena, nimeziba pumzi.

Mwaka wangu mimi, mwalimu aliandika Peter.
Mimi ni Pětr.
Sikusema kitu.
Nikakaa miaka kumi ndani ya jina lile
kama mtu aliyeazimwa koti la jirani,
mikono mifupi, vifungo upande mwingine.

Jumamosi, uwanja wa shule. Marka hajalala, macho mekundu,
kamchana mtoto nywele ndani ya gari.
Roketi sita. Farasi sikuweza kuwahesabu.
Samaki mmoja, mdomo wazi,
shashi nyekundu imefungwa kooni kwa utepe,
tumboni tofaa, kichongeo, soksi, peremende,
na jiwe alilolitia mwenyewe, asiseme kwa nini.

Mwalimu akasoma orodha.
Hanza?
Kimya.
Hanza Nowak?
Nikafungua mdomo. Marka akanibana kiwiko.
Mtoto akatembea hadi mbele, akamgeuza samaki ubavu,
akaweka kidole juu ya unyoya,
akaweka kidole juu ya ndege.
Hapa, akasema. Na hapa.
Mwalimu akainama, akavaa miwani,
akatoa kalamu mfukoni.

Ndipo ikanyesha.
Watu wakafunika roketi kwa makoti, wakakimbilia ukumbini.
Rangi ya farasi mmoja ikamwagikia gauni jeupe.
Hańža hakukimbia.
Alisimama akimtazama samaki wake
maji yakimteleza mgongoni, safu hadi safu,
hadi mkiani, hadi chini.

Gamba moja lilidondoka karibu na ngazi.
Nililiokota, nikalitia mfuko wa suruali
na kulisahau.
Jumatatu, juu ya paa la ghala la watu,
nikiutafuta msumari,
mkono ukalikuta.