Inchi Nane

Semkiwa alinikatia vipande viwili vya boksi
kwa kisu chake cha kukwangulia gundi:
kimoja inchi kumi na moja, kimoja inchi nane,
vyote vya katoni moja ya sabuni,
kila kimoja kikabaki na nusu ya neno,
kikubwa SABU, kidogo NI.
"Kaa navyo kwanza," akasema,
"kabla hujakaa na deni."

Nikapanda ndegeni. Injini imelala, mlango wazi,
mfuko wa upepo umenyong'onyea
juu ya uwanja wa Tanga, saa saba mchana.
Kikubwa nikakitundika kwenye usukani.
Nikakipenda hapo hapo.
Humo ingeenea Pangani na mdomo wake,
reli hadi Korogwe, milima ya Usambara, Pemba nzima,
na majina yote kwa herufi nono.
Kisha nikavuta usukani kama ninayepaa:
saa ya kimo ikapotea, ya mwendo ikabaki nusu,
na ukingo wa boksi ukanichoma tumboni
kama mtoto anayetaka kupita.

Nikakihamishia dirishani.
Kikala anga yote ya kushoto.
Ndege ya mwenzangu ikija upande ule
nitaijua kwa kishindo.

Kidogo nikakifunga pajani kwa mpira wa tairi.
Usukani ukazunguka mzima, hakuna kilichogusana.
"Hicho," alisema Semkiwa chini ya bawa,
hata hakuinua kichwa.
"Hiki," nikaitikia,
na mkono wangu ukarudi kwenye SABU.

Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili,
fundi Mbwana Kingo alinipima paja nimesimama,
akasita, akanisukumia kigoda, akapima tena.
Inchi mbili zimeongezeka.
"Paja la aliyekaa si la aliyesimama, Kapteni.
Au wewe unarusha umesimama?"
Mkanda ningeshonewa wa turubai,
mfuko wa kishikwambi juu yake, kifungo cha shaba.
Mfuko wa ukubwa gani?
Nikamwambia bado nashauriana na nafsi.
Akaniandikia vipimo kwenye kikaratasi.
Nikakipokea, nikakisogeza mbali,
nikakisogeza mbali zaidi,
hadi kiwiko kikagonga cherehani ya jirani.
"Kapteni," akauliza, sindano mdomoni,
"mkono wako umekuwa mfupi tangu lini?"

Wanasema macho hayana pazia.
Yangu yalishaanza kushusha lake,
uzi kwa uzi, mwaka wa hamsini na moja,
nami nimekaa nabishania inchi
kama mtu anayenunua kitanda kirefu
kumbe kilichofupika ni shuka.

Sikumjibu. Nilipanda bodaboda hadi Bombo.
Tabibu Mhina, kijana wa kuzaa,
alinisomesha herufi ukutani, nikazisoma zote kwa majivuno;
akanipa kijitabu mkononi
nikanyamaza.

Basi nilitoka nyumbani kutafuta kioo kimoja,
nikarudi na vitatu:
kimoja cha pajani, inchi nane,
viwili vya puani.
Vya puani ndivyo vilivyokuwa ghali.

Jumatatu, masanduku ya chanjo kwenda Pemba.
Mkanda wa Kingo umekaa kama ulizaliwa pajani.
Ramani ndogo, herufi ndogo, nazisoma
pamoja na vumbi kwenye vioo vya saa,
pamoja na mkwaruzo nisioujua,
pamoja na kile kikadi chini ya dira
alichokijaza Semkiwa kwa penseli:
ukitaka tisini, shika tisini na tatu.

Tatu.
Miaka minne nimeisoma nane.
Miaka minne kiwanja cha Pemba
kimekuwa kikinitokea kushoto,
kushoto kidogo, kila safari,
nami nikishuka na kuwaambia abiria:
leo upepo ulikuwa mkorofi.