Safu ya Maelezo

Bwana Ofisa wa Hali ya Hewa, huko mji mkuu,
fomu yangu imerudi na mstari mwekundu
na neno moja la muhuri: KAWAIDA.

Ni kweli. Nimejumlisha upya kwa punje za maharage,
kumi kumi juu ya meza ya jikoni.
Milimita mia tisa na arobaini,
karibu sawa na mwaka ule niliozaliwa,
alioupima baba yangu, Fulgencio Súchite,
akauandika kwa penseli ya seremala.
Ukitazama jumla tu, utadhani
hapa Quebrada Seca hakuna kilichotokea.

Lakini fungua daftari lake.
Mei tatu, Siku ya Msalaba: kumi na mbili.
Mei nne: saba. Mei sita: tisa.
Mvua ya kupandia, mgeni mwenye adabu,
inabisha hodi, inangoja, inaingia.
Julai, kiangazi kidogo, siku kumi na tatu,
kiasi cha kupalilia na kukausha mashati,
kisha hiyo inarudi
kama mtu aliyetoka kununua chumvi.
Haba na haba ndiyo iliyojaza kibaba cha baba.

Changu kimejazwa kwa ndoo.

Kwanza: sifuri. Sifuri. Sifuri.
Siku arobaini na nane nilichora duara moja
mpaka mkono ukalichora wenyewe, kama unavyokuna.
Mahindi yakatoa ndevu bila punje.
Maharage, tuyaache.
Siku ya thelathini na moja ndugu yangu Nicanor
aliuza jembe, akavaa buti, akashika njia ya kaskazini.
Fomu haina safu ya hilo.

Na mawingu yalikuwepo, usidhani.
Kila alasiri yalirundikana juu ya kilima, meusi chini kama masufuria.
Dalili tulikuwa nazo. Mvua hatukuwa nayo.
Binti yangu Edelmira, anayesoma sekondari, alinieleza:
hewa ikipata joto hubeba maji mengi zaidi,
na haiyaachii upesi.
Nikasema, kumbe ni mwanamke mwenye mtungi mkubwa:
anapita mlangoni kwako na tone halidondoki,
ila siku akijikwaa, mama yangu.

Alijikwaa tarehe tisa Oktoba.
Bomba langu la kupimia linaishia mia moja na hamsini.
Nilitoka na kurunzi, gunia kichwani,
nikaandika, nikamwaga, nikarudi ndani.
Nikatoka tena.
Usiku wa tatu sikuliona bomba,
wala nguzo yake,
wala shamba la Don Anselmo lililokuwa chini ya nguzo.

Mia tano na kumi, Bwana, kwa zile nilizowahi kusoma.
Zaidi ya nusu ya mwaka, na mwaka ulikuwa umelala.

Mahindi hayanywi jumla.
Mahindi hunywa Jumanne, hunywa Ijumaa,
hunywa kidogo Jumapili watu wakitoka misa.
Huwezi kumnyima mtoto maziwa miezi miwili
kisha ukamtumbukiza ndani ya pipa
ukaandika: ameshiba.

Bomba tulilikuta wiki iliyofuata, daraja la chini,
limejaa udongo mwekundu hadi shingoni.
Udongo wetu, niliutambua.
Nikausoma kama nilivyofundishwa, jicho sawa na mstari:
mia moja arobaini na mbili.
Sijui utauweka wapi. Nimeuandika.

Naomba bomba jipya, refu kuliko hili.
Naomba pia fomu pana.
Safu ya maelezo ni vidole viwili,
nimemaliza nafasi, sasa naandika nyuma ya karatasi
na wino unatokeza upande wa pili, juu ya tarakimu.

Leo saa moja asubuhi: sifuri.
Upepo: wa mashariki, mdogo.
Mpimaji: Obdulia Súchite, bila mshahara.