Sikio Halijiuzulu

Bibi Zuwena hakuniachia dhahabu. Kaniachia daftari
la jalada kijani, pembe zimeliwa na mchwa,
na humo mwandiko wa kadhi wa Ibra:
mitende arubaini na miwili ya khalasi,
wakfu, haiuzwi, hairithiwi, haitolewi tunu,
tende zake ni za wajane wa mtaa wa juu.

Falaji ilipokauka mitende ikabaki mifagio.
Kadhi mwingine, wino mwingine,
shamba likageuzwa hisa za kiwanda cha saruji.
Wajane hawajui hisa. Wanajua bahasha,
kila Jumatano, soko la wanawake likishavunjika.
Bi Raya huipima kwanza kiganjani
ndipo aifungue.

Kiwanda kikaniita niketi kwenye bodi.
Jamaa wakanipongeza hadi usiku:
"Sasa wakfu una jicho ndani!"
Jicho, naam.
Hakuna aliyeuliza habari ya mdomo.

Jumanne, Ruwi, ghorofa ya saba.
Hilal mhasibu kazima taa, tarakimu zikawaka ukutani:
tanuri la pili limepasuka, deni limefika shingoni,
gawio hakuna mwaka huu, wala mwaka kesho.
Tutatangaza Jumapili.
Hadi hapo, mabibi na mabwana, ni siri yetu.
Akawasha taa. Tukaletewa kahawa na halua
na mimi nikala, Mungu anisamehe, nikaongeza.

Uza leo, lasema daftari.
Msimamizi gani huona moto
akaacha mali ya wajane ndani?
Niliinua simu. Nikaishusha.
Kwani nikiuza leo, nani atanunua?
Labda mwalimu wa Sohar, kiinua mgongo chake chote,
ana mama yake, naye mjane,
ila jina lake halimo daftarini mwangu.

Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka.
Laiti lingeniponyoka!
Mimi sikuyashika. Yamenishika,
hili mkono huu, lile mkono ule,
na kila moja lina haki ya kuvuta.

Jumatano nikapeleka bahasha.
Bi Raya akapima, akacheka kwa fizi:
"Habari za kiwanda, mwanangu?"
"Kipo, bibi."
"Alhamdulillahi. Saruji haiozi kama tende."
Njia nzima hadi Maskati
sikufungua redio.

Alhamisi usiku nimeandika barua mbili.
Moja yajiuzulu bodi, moja yajiuzulu wakfu.
Nimezilaza mezani, nimezifunika kwa daftari,
nimezifunua, nimesoma tena.
Nilipaswa kuandika mojawapo
siku ile ya pongezi, kabla ya kahawa ya kwanza.
Sasa hata nikituma zote mbili,
kiti kitapata mtu, daftari litapata mtu,
lakini nilichosikia Jumanne kitabaki kwangu.
Sikio halijiuzulu.

Ijumaa. Adhana ya alfajiri.
Zimesalia siku mbili, na simu iko pale pale.