Mpini wa Pili

Dukani kwa Lorraine Thibodeau, mjini Rumford, Maine,
misumeno ya mnyororo imepangwa ukutani kwa ukubwa
kama watoto wanaosubiri kupigwa picha ya shule.
Mdogo ni wa matawi, na uzio wa maua.
Mkubwa ni wa wanaume wanaoamka na misonobari.
Lorraine hakuniuliza nina kiasi gani.
Aliniuliza, "Unakata nini?"

Mwaloni, nikasema. Barafu imeuangusha juu ya banda la kuku.
Na kuni za jiko la chuma, hadi Aprili.

Akafumba jicho moja, akanipima mabega
kama fundi cherehani asiyetumia futi.
"Wa kati," akasema.

Wa kati. Nami ni mtoto wa kati, nazijua habari zake:
nguo za kaka, makosa ya mdogo,
na maji ya nyumba nzima, aliyachota nani?

Upanga wa inchi kumi na nane, injini ya sisi hamsini.
Nikacheka peke yangu: sisi hamsini,
kitongoji kizima ndani ya boksi.
Nikaunyanyua, nikaushusha, nikaunyanyua tena,
kama anayepima jogoo kabla ya kutaja bei.
Dola mia nne themanini na tano.
Akaniongezea tupa ya duara, bure,
maana jino butu, alisema, ndilo linalotafuta mguu.

Jikoni, juu ya gazeti,
nikafungua nati mbili, nikavua kifuniko,
nikauvisha mnyororo kwenye gia, nikakaza, nikajisifu.
Twilumba alikuwa ametoka zamu ya usiku,
soksi za kazini bado miguuni, chai mkononi.
"Mbona meno yanatazama nyuma?"

Nikavua. Nikageuza. Hakusema neno la pili,
na hilo ndilo lililouma.

Usiulegeze ukaning'inia kama mkanda wa mlevi.
Usiukaze ukakosa pumzi.
Uvute kwa vidole viwili: utoke kidogo,
ukiuachia urudi kwao wenyewe.
(Inua pua ya upanga ndipo ukaze nati.
Kitabu hakikulisema hili, Lorraine alilisema mlangoni.)
Petroli isiyo na spiriti, hamsini kwa moja.
Hamsini tena.
Oili nikaipimia kikombe cha dawa ya kikohozi.

Mufindi tulikuwa na msumeno wa watu wawili.
Baba juu ya gogo, mimi chini shimoni,
unga wa mbao machoni, puani, kwenye ugali.
Sheria ilikuwa moja: kila mtu avute, asisukume.
Ukisukuma, chuma kinapinda, na mwenzako anajua.
Nilijua hasira zake kwa mkono tu, bila kumwona uso.

Nje, theluji ya jana.
Msumeno chini, buti ndani ya mpini wa nyuma,
breki mbele. Nikavuta. Ukakohoa.
Nikavuta. Ukakohoa, ukafikiri.
Mara ya nne ukaamka, na kunguru wote wa mtaa wakahama.
Nikaielekeza pua kwenye kisiki cheupe:
mstari mwembamba wa oili ukajichora. Vizuri.
Nikaachia moto, mnyororo ukatulia. Vizuri.
Nikazima.

Ndipo nikaona: huu nao una mipini miwili,
na yote miwili ni yangu.

Twilumba alitoka na koti juu ya nguo ya kulalia,
akasimama upande wa pili wa gogo, mbali kama kitabu kinavyotaka,
pale ambapo mtu angeshika.
Akashika kikombe.

Nilikata kipande cha kwanza, cha pili, cha tatu.
Mwaloni ulinuka siki na mkate.
Akainua kidole, akaelekeza kwenye upanga.
Sikumsikia, masikio yalikuwa yamezibwa,
lakini midomo niliisoma: umelegea.

Mnyororo mpya hulegea ukipata joto.
Nikazima, nikasubiri upoe, nikakaza.