Mashine ya Tatu

Mbili zimekufa tangu Rajabu. Hii ya tatu
yakoroma, yasafisha damu masaa manne kwa mtu,
na usiku ule watu walikuwa wawili.

Bi Mwanakheri wa Kuze, miaka sitini na minane,
kafika mwanzo, kajifunika leso, tasbihi mkononi.
Tsuma, kuli wa Kilindini, miaka ishirini na tisa,
kacheleweshwa na feri Likoni;
miguu imefura, hata ndara hazimwingii.

Daftari likasema: aliyetangulia.
Daktari, kwa simu: mwenye watoto wadogo.
Mimi nikasema: nusu kwa nusu.

Nikaona ndiyo haki. Mkate hukatwa, kaimati huhesabiwa.
Damu si kaimati.
Alfajiri wakatoka wote wawili, nusu wasafi,
wote wawili wakanishukuru,
na shukrani zile hadi leo zanikereketa.

Alhamisi Bi Mwanakheri hakuja.
Nikampigia. Akapokea mjukuu:
“Nyanya yupo, ala uji. Asema zamu yake
apewe yule wa ndara.”

Nimefungua daftari.
Jina lake li palepale, juu.
Kalamu ninayo.
Mstari sijapiga.